Kikombe cha Kamanda Nadim

Kila mwaka, majani ya mizabibu yakianza kuwa mekundu, vijana wa Chama hupanda kijijini Mazraat Halun na ngazi yao kuja kumtundika Nayef. Humtundika kwenye nguzo ya umeme inayotazamana na kibanda cha mkate cha Nuhad, mjukuu wake. Na kila mwaka Nuhad huacha unga, akatoka nje na mikono yake myeupe, akawaambia maneno yale yale.

"Huyo si babu yangu."

"Dada Nuhad, jina si hili hapa? Shahidi Nayef."

"Jina ni lake. Kichwa pia ni chake, mlikikata kwenye picha ya harusi. Bibi aliwaazima picha nzima mkamrudishia vipande. Lakini huo mwili mmeutoa wapi? Babu yangu alikuwa na kitambi. Na hiyo bunduki ni ya nani?"

"Sisi tumetumwa tu, dada."

"Basi mwambieni aliyewatuma aje atundikwe yeye."

Vijana hucheka kwa adabu, maana wamekua wakila mkate wake, kisha hukaza kamba wakashuka zao. Nuhad hubaki na yule mtu wa vipande wa bangoni mbele ya macho yake, kichwa cha bwana harusi juu ya mwili wa askari asiyemjua, mpaka mvua za baridi zije zimbandue. Watu wa kijiji humwambia apunguze hasira, atapata presha. Presha anayo tayari, na hasira hajaipunguza.

Nayef wa kweli alikuwa mwashi wa mawe. Nusu ya kuta za Mazraat Halun ni mikono yake, na nyumba anayoishi Nuhad aliijenga mwenyewe kwa mawe aliyoyachonga Ijumaa, siku ambayo wengine walipumzika. Alipenda mjadara ya dengu yenye vitunguu vilivyoungua kidogo, na alikuwa akificha patasi zake kwa sababu Salim, mwanawe wa pekee, alikuwa akizipoteza. Siasa alizisikia redioni, akazima.

Ikaja vita ya mlimani, mwaka wa themanini na tatu. Watu waliokuwa wakiazimana ungo na kuzikana wakageukiana kwa mizinga, kijiji kwa kijiji, kanisa kwa halwa, nyumba ya ibada ya Wadruzi. Kamanda Nadim, aliyekuwa kijana wa juzi tu mwenye gari la wazi na sauti kubwa, alipita nyumba kwa nyumba akikusanya wanaume. Nayef alikuwa ameshapita arobaini na magoti yanamsumbua. Alikwenda kwa sababu aliyekataa alibandikwa jina la msaliti, na binti wa msaliti haolewi, na mtoto wa msaliti hasalimiwi. Alikwenda na viatu vyake vya kazi vyenye chokaa.

Walimrudisha akiwa amefunikwa blanketi. Walikuwa watano waliowekwa kulinda Kilima cha Birika, mahali penye tangi la zamani la maji ya mvua, na hakurudi hata mmoja akiwa hai. Kwenye mazishi Kamanda Nadim alisimama mbele ya majeneza, bendeji nyeupe mkononi, akasema walipigana bega kwa bega mpaka risasi ya mwisho. Akamgeukia Wadad, mke wa Nayef, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Salim, akamwambia mbele za watu: "Baba Salim alikufa mikononi mwangu. Neno lake la mwisho lilikuwa ardhi yetu." Wanawake wakapiga vigelegele kama walivyotakiwa. Nuhad alikuwa msichana wa miaka kumi, amemshika bibi yake sketi, na anakumbuka kwamba naye alipiga kigelegele. Hilo linamuuma mpaka leo.

Siku chache baadaye magunia ya unga yakashushwa mlangoni kwa Mama Salim. Wapiganaji walihitaji mkate, na mjane wa shahidi, walisema, ni mama wa wapiganaji wote. Akakaa chini mbele ya saji, lile bati la chuma lenye mgongo, akatandaza unga uliokandwa juu ya mto wa kitambaa, akaurusha juu ya moto, akaubandua, akatandaza mwingine. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Nuhad akawa mchochea kuni, na shule ikaishia hapo. Salim na mkewe walikimbilia Venezuela, wakasema mtoto watamwacha kwa bibi yake kwa muda. Muda huo haujaisha.

Sasa, kwa Wadruzi, ndio watu wa kijiji hiki, roho haina subira. Ikitoka huku inaingia kule, kwa mtoto anayezaliwa saa ile ile, na habari inaendelea. Wengi hawakumbuki kitu. Aliyekufa kitandani kwake, ameshiba umri, akirudi haongei, hana alichokiacha njiani. Anayeongea ni yule aliyekatwa katikati.

Miaka mitatu baada ya mazishi, mama mmoja alipanda kutoka Ayn Jurna, kijiji cha bondeni, akiburuza mtoto wa kiume aliyekuwa akilia tangu alfajiri. Jina la mtoto lilikuwa Ghassan. Mama yake alisema amechoka, huyu mtoto tangu apate ulimi anasema jina lake ni Nayef, ana nyumba ya mawe yenye mforosadi, na mkewe anaitwa Wadad, na anataka apelekwe kwake. Watu wakajaa sebuleni. Mtoto hakumsalimia mtu. Alitoka uani moja kwa moja, akafika ukutani nyuma ya mforosadi, akavuta jiwe moja lililolegea, akatoa patasi.

Mama Salim alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akachukua ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akampangusa.

"Haya," akasema. "Mume wangu amerudi na kamasi puani."

Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Wakamkalisha mtoto kwenye mkeka, wakampa mjadara, wakamuuliza alikufaje. Akaeleza huku anakula, kwa maneno ya mtoto.

"Nadim alichukua gari. Alisema anakwenda kuleta risasi. Hakuja. Mguu uliniuma. Niliita, niliita. Kukapambazuka."

Hakuna aliyecheka tena. Kila mtu alitazama viatu vyake. Ile bendeji, yale maneno ya mikononi mwangu, ile hotuba, vyote vilikufa sebuleni pale mbele ya sahani ya dengu. Jioni ile ile watu wa Kamanda walifika, mmoja na peremende, mwingine na bunduki. Peremende akapewa mtoto. Baba yake Ghassan aliambiwa amfundishe mwanawe kusahau, na Mama Salim akaambiwa kwamba watoto husema mengi.

Na kijiji kikanyamaza. Hilo ndilo Nuhad hawezi kulimeza. Kila mtu alijua, na kila mtu alijifanya hamnazo. Walimpigia Nadim makofi alipokuwa kamanda, wakampigia alipovaa suti na kuwa mheshimiwa wa Chama, wakamwomba awatafutie watoto wao kazi, wakambusu bega. Vuli ikifika wakasimama chini ya nguzo ya umeme na kuinamisha vichwa kwa heshima ya mtu waliyejua alilala kilimani akiita mpaka asubuhi.

Mama Salim hakwenda hata mara moja. Siku ya kumbukumbu alikaa ndani akinywa kwa mrija ile chai chungu ya majani iitwayo mate, uso ameuelekeza ukutani, ukuta wa mumewe. Alikuwa na miaka arobaini na kidogo Nayef alipokufa, mwanamke mzuri, na wako waliotuma watu. Lakini nani aoe mjane ambaye mumewe anakuja kila Idi, ameshikwa mkono na mama yake, kuomba dengu? Alimwona akiota meno mapya. Alimwona akibalehe, chunusi usoni, akiona haya kumtazama. Alipofika umri wa kuoa, Ghassan alikuja mwenyewe kumpa habari, akitazama chini, na Mama Salim akamwuliza swali moja tu, mikate mingapi. Alioka siku mbili mfululizo. Niambieni mwanamke gani mwingine chini ya jua amemwokea mume wake mkate wa harusi ya mke mwingine, na watu wakala, wakasifu.

Nuhad ndiye aliyekuwa akipuliza moto siku hizo mbili. Alimwona bibi yake akitandaza unga na machozi yakidondoka juu ya mto, na bibi akasema ni moshi.

Mama Salim alikufa akiwa na miaka karibu themanini, kitandani, usingizini, mikono ina makovu ya saji mpaka kwenye viwiko. Jeneza lake lilibebwa na vijana wa kijiji, na Ghassan alikuwa mbele. Chama kilileta shada la maua. Nuhad alilitupia mbuzi.

Mwaka jana zikaja habari kwamba Kamanda Nadim anaumwa ugonjwa usiopona. Nuhad alizipokea akageuza mkate. Kisha zikaja nyingine, kwamba masheikh wenye vilemba vyeupe wamemwambia jambo lililomkosesha usingizi. Kwa watu hawa, mtu akifa akalazwa mbele ya halwa, masheikh humtamkia rehema wakimjua ni mwema, na wasipoitamka, kila aliyesimama pale husikia ule ukimya na kuubeba nyumbani. Walimwambia: una damu ya nyumba ya Nayef shingoni. Nenda kwao kwanza.

Nadim hakwenda kwao. Alikwenda Ayn Jurna, kwa Ghassan, kwenye karakana yake ya kuziba matairi. Na kwa akili ya mlimani, alikuwa amekwenda mahali penyewe.

Ghassan alimletea Nuhad habari siku ya pili yake. Ni mtu mpole, ana kipara, watoto watatu na mikono myeusi ya mpira. Nuhad ni mkubwa kwake kwa miaka kumi, lakini tangu utotoni anamwita Babu, kwanza kwa kumkejeli, sasa kwa mazoea.

"Alikuja peke yake, bila walinzi," Ghassan alisema, amekaa juu ya gunia la unga. "Amekwisha, Nuhad. Shingo imekuwa ya kuku."

"Kuku ana faida yake."

"Alilia."

"Enhe."

"Alinishika miguu. Ikabidi nimwinue. Nikamwambia nimemsamehe."

Mkate uliungua juu ya saji. Nuhad hakuubandua.

"Umefanya nini, Babu?"

"Nimemsamehe. Nimechoka. Tangu nina miaka mitatu naota lile birika. Wewe unadhani raha? Wenzangu wanaota wanawake, mimi naota kiu. Jana nimelala mpaka asubuhi, mara ya kwanza."

"Hongera. Na nani alikupa ruhusa?"

"Ruhusa ya nini tena, mjukuu wangu?" Ghassan aliuliza bila ubaya wowote. "Mimi ndiye niliyekufa."

Nuhad akaubandua ule mkate ulioungua. Hasira ilimpanda, lakini kwa sheria zote alizokulia, huyu bwana alikuwa na haki. Damu ilikuwa yake. Mguu ulikuwa wake. Sauti iliyoita mpaka kukapambazuka ilikuwa yake.

"Watakuja Alhamisi," Ghassan aliendelea. "Yeye na Sheikh Kasim na wazee wengine, iwe mbele ya watu, kwenye nyumba. Masheikh ndivyo walivyotaka. Tupike kahawa, anywe, yaishe."

"Yaishe."

"Yaishe, ndiyo. Wewe hutaki yaishe?"

Alimfukuza. Alimrushia na ule mkate ulioungua, ukamgonga kipara. Lakini alipobaki peke yake alijua kitu kibaya zaidi. Mgeni mwenye haja nzito huwekewa kahawa mbele yake na haigusi mpaka ajibiwe. Mwenye nyumba akisema kunywa kahawa yako, haja imekubaliwa, na akishainywa hakuna mtoto wala mjukuu atakayelitaja jambo lile tena. Nadim akinywa kikombe kile, miaka yote ya Mama Salim mbele ya moto itakuwa haikutokea. Na mwenye nyumba, kwa hesabu ya kila mtu, ni yule aliyeijenga.

Alhamisi walikuja na magari manne, wakayaegesha chini ya nguzo, chini ya kile kichwa cha bwana harusi. Nuhad alipika kahawa chungu mwenyewe. Angeweza kufunga mlango, watu wakasema mwanamke wa nyumba ile hana adabu, na ikawa ndiyo habari yenyewe. Hakutaka kuwapa nafasi hiyo.

Sebuleni Ghassan alikalishwa kando ya jiko la kuni, mahali pa Nayef. Alivaa koti la harusi yake. Nadim aliingia akishikiliwa makwapa yote mawili, ngozi ya njano, suti imekuwa kubwa, na sauti yake ile ya gari la wazi imebaki kidogo tu. Walimkalisha kwenye mto. Nuhad akapitisha vikombe, na cha Nadim akakiweka mbele yake, juu ya kimeza alichokichonga babu yake. Nadim hakukigusa.

Sheikh Kasim alizungumza kwa ufupi, na kwa haki yake hakuzunguka. Alisema kuna mtu aliwaacha wenzake kilimani, akasema uongo juu ya majeneza yao. Alisema mtu huyo amekuja mwenyewe kwa miguu yake. Kisha akamgeukia Ghassan.

"Baba Salim," akamwita kwa jina la marehemu, "neno ni lako."

Ghassan alimtazama Nuhad aliyesimama mlangoni, akaondoa macho haraka.

"Kunywa kahawa yako, Nadim," akasema.

Mkono wa Nadim ulinyooka. Kabla haujafika, Nuhad alikuwa ameshavuka mkeka na kuweka kiganja chake juu ya kikombe.

"Dada," mzee mmoja alisema, "mwenye damu ameshasema."

"Nimemsikia. Kasamehe damu yake, ni yake, aigawe anavyotaka." Nuhad hakupandisha sauti, na waliomzoea nguzoni ndio walioshtuka zaidi. Akamgeukia Ghassan. "Babu, wewe ulikufa usiku mmoja. Asubuhi yake ukazaliwa. Ukanyonya tena, ukapata mama mwingine, ukacheza, ukaoa mke mwingine na watoto juu. Nakupenda, sikuonei wivu. Lakini Bibi hakupata mwingine. Yeye alibaki hapa na huu huu mwili mmoja, akiwaokea mkate watu wa huyu bwana. Alikupangusa kamasi. Alikuokea mkate wa harusi. Ulimwona analia?"

Ghassan alikuwa ameinamisha kichwa, na kipara chake kilikuwa chekundu.

"Mimi nilimwona," Nuhad akasema. "Alisema ni moshi."

Nadim alikohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Binti yangu, nifanye nini? Niambie, nitafanya."

"Mwombe Bibi. Deni lako liko kwake, si kwangu wala kwa huyu. Roho yake imeshazaliwa mahali, ni mtoto mdogo huko kwenye vijiji. Mtafute. Una watu, una magari. Akianza kuongea, nenda kampigie magoti, akikusamehe rudi hapa, nitakupikia kahawa mimi mwenyewe."

Sheikh Kasim aliweka kikombe chake chini bila kukinywa. Mmoja mmoja, wengine nao wakaweka vya kwao. Nadim aliwatazama wote kwa zamu, akitafuta uso wa kumsaidia, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa themanini na tatu watu wa Mazraat Halun hawakutazama viatu vyao. Walimtazama yeye.

"Mama Salim alikufa kitandani," Nadim alisema polepole. "Waliokufa kitandani hawaongei."

"Najua," Nuhad alisema. Akakiinua kikombe kikiwa bado kimejaa, akakirudisha jikoni.